Zamu ya Jumanne

Saa tisa kasorobo za usiku, Kurasini.
Kiyoyozi kinakohoa, chai imeota utando,
na wewe, Kurumbiza, hulali wala hupigi miayo.
Macho yako kumi na manne yameukalia uzio wa matangi ya mafuta,
yanahesabu paka, yanahesabu popo,
yanamhesabu mlinzi Chambuso anapokwenda kukojoa
na anaporudi.

Kisha kengele.
Kisanduku chekundu kinamzunguka mtu
anayetoka uchochoroni nyuma ya gereji,
begani kitu kirefu, cha mviringo, chenye mdomo.
Ukaandika: SILAHA YA BEGANI. ASILIMIA TISINI NA MOJA.
Chini yake vitufe viwili,
THIBITISHA na KATAA,
na sekunde zikishuka kama maharage ya gunia lililotoboka.

Waliokuleta walituambia una akili.
Sikatai. Umesoma picha nyingi kuliko nywele za kichwa changu,
lakini zote za jangwani, za magari yanayoungua,
za watu wasio na shangazi hapa mjini.
Hujawahi kukinga maji Mtoni.
Hujui kuwa bomba letu hukauka Jumatano mpaka Jumatatu,
na Jumanne, usiku wa manane, huguna,
hutema hewa, hutema kutu, ndipo hutoa,
na mtaa mzima huamka na ndoo, kimyakimya,
kama watu wanaokwenda kuiba kilicho chao.

Mimi najua. Saa hiyohiyo mama yangu
ameuma tochi kwa meno, anafunga mpira kwa kamba ya katani.
Kwa hiyo nilimtazama mtu, si kisanduku:
ndala moja ya bluu, nyingine ya kijani.
Alisimama, akalishusha lile bomba,
akaweka jicho tunduni, akapuliza.
Nani hupuliza silaha?
Zimebaki sekunde sita.
Nikabonyeza KATAA.

Ukauliza sababu. Ukanipa orodha:
mnyama, kivuli, hali ya hewa, hitilafu ya lenzi.
Maji hayakuwemo.
Nikaandika mwenyewe: Zamu ya maji. Fundi. Jumanne.
Ukajibu: Asante, Koplo Siwatu. Nimejifunza.

Asubuhi Luteni Kihwele alisoma ripoti mara mbili.
"Ungethibitisha," alisema, "saa hizi tungekuwa tunatafuta
jeneza, na maneno ya kumwambia mjane."
Nikaenda nyumbani, nikajimwagia ndoo nzima bila kupima.

Ingekuwa hadithi, ingeishia hapo.

Jumanne iliyofuata, saa tisa na robo,
wanaume watatu. Mabomba matatu begani.
Hukupiga kengele.
Kisanduku chako kilikuwa cha kijani,
kitulivu kama jani la mchicha:
MAFUNDI WA MAJI. ASILIMIA TISINI NA TISA.

Nilisimama mpaka kiti kikaanguka.
Wiki ile mgao ulikuwa umehamishiwa Alhamisi.
Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa serikali ya mtaa,
kwa kalamu ya wino, herufi zimelala upande,
na pale, Kurumbiza, huna jicho.

Chambuso alitoka na tochi na mbwa.
Uchochoro mtupu. Nyayo, ndiyo,
lakini uchochoro gani wa Dar hauna nyayo?
Labda ni mafundi wasiosoma tangazo.
Labda.

Mwana umleavyo, walisema waliotuzaa,
na sentensi wakaiacha ininginie, kila mtu anajua inakoishia.
Nimekulea kwa neno moja la kweli
nililoliandika haraka, usingizi machoni,
nikasahau kukwambia kuwa lilikuwa kweli ya usiku ule.

Leo Jumanne tena.
Mama amenipigia: maji yametoka, machafu, lakini yametoka.
Kwenye uzio, bado hakuna mtu.
Nimefungua ukurasa wa sababu, nimeandika:
Inategemea.

Mshale wako unapepesa pembeni ya neno.
Unasubiri niendelee.